Tao Jeusi la Mpofi

Mafundi wa Kitshanga wana neno lao juu ya Mama Kavuo: akikwambia ukuta utasimama, nenda ukanunue mabati. Hulisema kwa kumcheka kidogo, maana mwanamke aliyepanda jukwaa la ujenzi, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya marehemu mume wake, bado ni sinema kwa baadhi ya watu. Wakishamaliza kucheka humwita aje awapimie kona. Naye hakatai sifa. Unyenyekevu, husema, ni mzuri mbele ya altare, lakini ukutani kinachotakiwa ni timazi.

Alizaliwa Butembo, kwenye nyumba ya fundi mwashi aliyeitwa mzee Zéphyrin. Mzee huyo alikuwa na wana watatu wa kiume, na wote watatu walizaliwa na mizani mkononi: mmoja chumvi, mmoja vitenge, mmoja vipuri vya pikipiki. Wa kumbebea udongo akabaki huyu binti. Alianza kwa kubeba, akaendelea kwa kupanga, na alipofika miaka kumi na minne baba yake alikuwa akimwachia kuta za nyuma, zile ambazo mteja hazitazami sana. Baadaye akamwachia na za mbele.

Akaolewa na Philippe, mfanyabiashara wa kwao, akamfuata Kitshanga kwenye duka la sabuni na vitambaa. Duka hilo liliporwa na kubomolewa mara mbili, katika miaka ya vita ambayo kila mtu kule anaijua na hakuna haja ya kuitaja. Mara ya kwanza Philippe alitafuta fundi. Mara ya pili fundi hakupatikana, ndipo Kavuo akatoa kwenye sanduku truweli, ule mwiko wa kujengea wa baba yake, yule mzee akiwa ameshakufa, akaanza kupanga tofali mbele ya macho ya soko zima. Ukuta ulitoka umenyooka kuliko wa kwanza. Wiki iliyofuata jirani akaja kuuliza, kwa sauti ya chini, kama Mama anaweza kumjengea na wake. Leo Philippe hayupo, maradhi ya figo yalimchukua, watoto wako Goma, na Mama Kavuo ana tanuri lake la matofali Burungu na miaka hamsini na saba isiyomlemea.

Kulikuwa na jambo moja tu alilolificha. Katika maisha yake yote hakuwahi kusimamisha tao. Kitshanga hakuna anayelitaka. Watu wanataka mlango wa mraba, chuma na saruji juu, basi. Baba yake alimfundisha tao mara moja, uani, likiwa limelazwa chini juu ya mchanga. Alimpangia matofali yaliyokatwa kwa upana upande mmoja na wembamba upande mwingine, akamwambia kwamba kila tofali hapo linataka kuanguka, ila jirani yake hampi nafasi. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu siku hiyo alitamani kuliona limesimama, na tamaa hiyo haikumtoka.

Kwa hiyo Barthélemy, katekista wa kijiji cha Mpofi, alipofika kwenye tanuri la Burungu akitafuta fundi wa kanisa la kale, mafundi wanne waliokuwapo walitazamana na Mama Kavuo akasikiliza kwa masikio yote mawili. Kanisa hilo lilijengwa wakati wa Wabelgiji, Barthélemy alieleza. Paa lilishaondoka, tao la mlango mkubwa lilianguka pale watu walipong'oa vizingiti, na sasa vipande viwili vya ukuta wa mbele vimeinamiana juu ya uwazi kama walevi wawili wanaoagana. Wakristo wanasali humo ndani chini ya shitingi, turubai la plastiki. Mafundi wawili walishaenda, wakasema bila saruji na vyuma vingi haiwezekani, na barabara ile lori la saruji halifiki. Jumamosi angekuja Bwana Hubert wa ofisi ya ujenzi. Kama mlango ungekuwa bado wazi, angesaini karatasi kuta zote ziangushwe, kabla hazijamwangukia mtu.

Mama Kavuo alisema angelisimamisha tao hilo kwa matofali yake lenyewe, bila mfuko hata mmoja wa saruji. Wale wanne wakacheka. Mmoja akamuuliza, na lisiposimama?

"Nitawapa truweli ya baba yangu," alisema. "Mutagawana."

Wakaacha kucheka, kwa sababu walijua truweli hiyo.

Jumanne alfajiri alipanda pikipiki. Akapita Mweso, Kashuga, Kalembe. Vilima vya ng'ombe vikabaki nyuma, migomba ikaongezeka, na msitu ukaanza kusogea barabarani. Mara tatu alishuka asukume pikipiki pamoja na dereva wake kwenye matope, na mara zote tatu alimweleza dereva namna barabara ile ingepaswa kuchimbiwa mitaro. Dereva alikubaliana na kila neno, kama anavyofanya mtu mwenye akili akiwa na abiria wa namna hiyo.

Mchana huohuo Barthélemy alimpeleka kanisani. Mama Kavuo hakuanza na mlango. Alilizunguka lote polepole, akigonga tofali hapa na pale kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akikwangua udongo wa kati ya matofali na kuunusa. Ulikuwa udongo wa kichuguu, umekandwa vizuri. Upande wa kusini ukuta ulikuwa umechukuliwa hadi kiunoni, safi kabisa, na hapo alitabasamu, kwani udongo huachia tofali zima bila kulivunja na wezi wa tofali ni watu wenye kupima kazi, huchukua palipo rahisi. Kuta tatu zilizobaki zilikuwa imara, hata ile ya mbele iliyoinama juu ya uwazi. Alimwambia Barthélemy kwamba waliojenga hapa walikuwa wameamrishwa, lakini mikono yao haikufanya kazi ya hasira.

Kisha akaja mlangoni. Alinyoosha uzi, akapima, akapiga hesabu kwa vidole: tofali ishirini na moja za kabari, kumi upande huu, kumi upande ule, na moja ya kufunga juu katikati. Kwenye majani na vifusi walikuta tano. Kila moja ilikuwa nzito kama mtoto wa mwaka mmoja. Walipekua hadi jua likaanza kulala upande, wakafukua hata chini ya mihogo ya jirani. Zilikuwa tano tu.

Barthélemy alisema ni vita iliyozibeba zile kumi na sita. Mama Kavuo akamjibu kwamba vita hubeba mabati na mbuzi. Tofali pana huku, nyembamba kule, halijengi ukuta wala halifai dirishani. Aliyezichukua alizichagua moja moja, na alikuwa na kazi nazo.

Kazi hiyo aliiona dakika kumi baadaye. Nyumbani kwa katekista walimwekea kiti sebuleni, mahali pa wageni wa heshima, na hapo ndipo mafundi wawili wa kwanza walipokaa, wakala kuku wa watu, wakaondoka. Mama Kavuo hakuweza kukaa akisubiri sahani kama askofu. Alizunguka nyuma kwenda kumsalimu mke wa nyumba, Laetitia, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, aliyekuwa amesimama juu ya sufuria ya maharagi. Sufuria ilikuwa kubwa na ilikaa pasipo kuyumba hata alipokoroga kwa nguvu. Mama Kavuo akainama aone imekalia nini. Chini yake, zikiwa nyeusi tititi kwa moshi, zilisimama tofali tatu za kabari, upande mpana ardhini, upande mwembamba juu, zimeegemeana kidogo kuelekea motoni. Yalikuwa mafiga bora kuliko yote aliyopata kuyaona.

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaomba radhi, akaeleza. Laetitia hakucheka sana, lakini alimwambia ukweli: jikoni tano za safu ile zina mafiga hayohayo, tatu tatu. Na jikoni kwa mama mkwe wake, Adelaïde, mama mzazi wa Barthélemy, kuna moja peke yake kati ya mawe mawili.

Tano za kwenye majani, kumi na tano za jikoni tano, na moja. Hesabu ilikuwa imetimia, na Mama Kavuo akaona furaha imempanda hadi kooni. Hapo ndipo alipokosea. Badala ya kukaa nayo furaha yake usiku mmoja, alikwenda nayo sebuleni, akammwagia Barthélemy yote juu ya sahani ya maharagi.

Barthélemy alikuwa mtu mwema, na mtu mwema mwenye haraka ni hatari kuliko mwizi. Shule ya ukatekista ilimfundisha mengi ikamsahaulisha jambo moja alilolinyonya na maziwa ya mama yake. Huko Mpofi, siku bibi arusi anapoingia, mama mkwe ndiye anayempangia mafiga kwa mikono yake. Tangu hapo hakuna wa kuyagusa. Mume akiyang'oa hana haja ya kusema neno jingine. Amekwisha kumwambia mkewe arudi kwao.

Jumatano asubuhi Barthélemy alipiga ile rimu ya gari inayotumika kama kengele. Akatangaza kwamba kila mwenye tofali la kanisa alirudishe, kwa kuwa ni mali ya Mungu. Watu walisikiliza wakiwa wamekunja mikono. Naye, ili awe mfano kwa kundi, alikwenda nyumbani moja kwa moja, akatua chini sufuria, akang'oa mafiga yote matatu, akayapakia kwenye borweti, toroli la gurudumu moja, akayasukuma njia nzima hadi kanisani huku akiimba zaburi.

Laetitia alirudi kutoka mtoni na ndoo kichwani, akakuta majivu na mashimo matatu. Hakupiga kelele. Alimimina maji kwenye pipa, kwa sababu maji hayana kosa, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akavuka mto kwenda kwa kaka zake. Kufika saa sita jikoni zote za safu ile zilikuwa zimefungwa kwa nje. Njiani ilishasemwa kwamba yule mwanamke wa Kitshanga ametumwa kuachisha ndoa za watu.

Barthélemy alimjia Mama Kavuo kanisani, akakaa juu ya yale mafiga aliyoyang'oa, uso umemshuka. Alisema hakuwa na nia hiyo. Alisema hivyo mara nne.

"Najua, Papa," alisema Mama Kavuo. "Lakini mambo ya jikoni haiulizake nia."

Alimwacha hapo. Alijilaumu, na alijilaumu kweli, kwa kuwa yeye angepaswa kujua. Yeye ambaye amekimbia Kitshanga mara tatu, akapika kwenye kambi juu ya mawe ya kuazima, na kila mara aliporudi kitu cha kwanza alichofanya kabla hata ya kufagia kilikuwa kuweka mafiga na kuwasha. Ukuta bila jiko ni ghala. Alijua hayo, akayasahau kwa ajili ya tao. Alinawa mikono, akavua suruali ya kazi, akavaa kitenge kizuri, akaenda kwa Adelaïde.

Adelaïde alikuwa amepita miaka themanini na alikuwa bado akijipikia. Hakumkaribisha nje, alimkaribisha jikoni, palepale penye kitu chenyewe. Tofali lile lilikuwa kubwa kuliko mengine. Mama Kavuo alilitambua mara moja. Lilikuwa la kufunga, lile la katikati juu kabisa, na pasipo hilo hayo mengine ishirini ni kokoto. Alikaa kwenye kigoda, hakulitazama mara ya pili. Alianza na kosa lake. Alisema yeye ndiye aliyesema sebuleni kilichopaswa kubaki jikoni, na amekuja kuuliza namna ya kumrudisha mke wa watu.

Mzee alichochea moto, hakuwa na haraka.

"Muntu akiondoshaka mafiga ya muke yake, amemufukuza," alisema. "Wengine wanafukuzaka na fimbo. Wa kwangu amefukuza na borweti, na zaburi juu."

Mama Kavuo aliuma mdomo asicheke, akaona mzee naye anauma wake. Wakacheka wote wawili, na jikoni pakawa pakubwa kidogo.

Adelaïde akaeleza kwamba iko njia. Mafiga huweza kubadilishwa bila aibu endapo mama mkwe mwenyewe ataleta mengine, ayapange, na moto uhamishwe kutoka kwenye jiko lake bila kuzimika. Hapo hakuna aliyefukuzwa. Mwanamke ameongezewa heshima. Mama Kavuo aliuliza kama mawe ya mtoni yangefaa. Yangefaa, kama mchaguaji ana jicho. Mama Kavuo alisema jicho analo, na hakulisema kwa kujivuna ila kama mtu anayesema ana ndugu Butembo.

Halafu likabaki lile moja. Adelaïde aliligusa kwa ncha ya kijiti.

"Hii sikuiibaka," alisema. "Mama yangu alikuwa anakanyaga udongo ya ile kanisa. Siku moja alichora musalaba ndani ya tofali, na kidole, ingali mubichi. Kapita, musimamizi wa kazi, alimupiga kofi, juu ya musalaba iko ya kupinda. Lakini walikuwa wamekwisha kuichoma. Wakaiweka juu kabisa, pahali watu hawaone vizuri. Siku mlango ulianguka, mafundi wako walikuwa wapi? Miye njo niliokota."

Aliligeuza kwa kitambaa, sufuria na moto vikiwa vimesogezwa. Upande wa nyuma, usiofikiwa sana na moshi, palikuwa na alama mbili za kidole zilizopishana, moja imeteleza mwishoni. Mama Kavuo aliziangalia muda mrefu. Kisha mzee akamuuliza ni matao mangapi amesimamisha.

Swali hilo lilikuwa jepesi kulikwepa. Angesema ana miaka arobaini ya kuta, na ingekuwa kweli. Wale wanne wa Burungu wasingejua siri yake. Alijaribu jibu hilo kimya kimya mdomoni, akaliona halina chumvi.

"Hata moja, Mama," alisema. "Baba yangu alinionyesha chini, kwa muchanga, ikiwa imelala. Miaka yangu yote sijaisimamishaka. Lakini najua namna inasimama."

"Na kama inaanguka?"

"Itaniangukia miye. Siku ya kuondosha mbao, nitakuwa chini yake."

Adelaïde alirudisha sufuria mahali pake. Akachochea kuni hadi maji yakaanza kuimba.

"Wale wawili wa kwanza waliniambia wamejenga kila kitu," alisema mwishoni. "Utachukua. Musalaba itaangalia inje. Na usiisugue. Moshi iko yangu."

Alhamisi yote Mama Kavuo alikuwa mtoni, maji hadi magotini, akipindua mawe. Alichagua kumi na saba: matatu kwa kila jiko la safu, na mawili ya Adelaïde, kwa kuwa mzee alisema akitoa moja atabadilisha yote matatu, na la tatu atalichagua mwenyewe. Wanaume wa kwaya waliyabeba. Katika kila nyumba mama mkwe alipanga mafiga mapya, na palipokuwa hakuna mama mkwe, Adelaïde alisimama mahali pake. Moto ulitoka jikoni kwake, kwenye kigae, ukapita mlango hadi mlango. Ya kwanza ilikuwa nyumba ya Barthélemy. Yeye mwenyewe alikuwa amevuka mto alfajiri, amekaa uani kwa shemeji zake hadi walipochoka kumtazama. Laetitia alirudi nyuma yake, hatua kumi nyuma, mzigo kichwani. Aliingia jikoni, akaweka sufuria juu ya mawe mapya, akaisukuma kwa kidole kuona kama inayumba. Haikuyumba. Akafungua mzigo.

Wanawake walileta tofali zao wenyewe. Hakuna aliyetangaza, zilifika moja moja kabla ya jioni, vichwani, kwenye kata za majani ya mgomba, na zilipowekwa mlangoni zilikuwa bado na joto.

Ijumaa ikawa siku ya kazi. Wale wa kwaya walikuwa wameunga mbao za kofraji, kiunzi cha kushikilia tao, nusu duara, zikasimamishwa mlangoni juu ya magogo na kabari. Mama Kavuo alikanda udongo wa kichuguu mwenyewe. Alipanda kutoka kila upande kwa zamu, moja huku, moja kule, ili uzito usielemee bega moja. Mara moja alikosea. Tofali la saba la kushoto lilikaa juu kuliko mwenzake kwa upana wa ukucha, naye akaliondoa pamoja na mbili zilizolitangulia bila kusema kitu. Waliotazama hawakujua kwa nini. Kufika saa kumi lilibaki pengo moja na tofali moja. Adelaïde alikuwa amekaa kwenye kiti cha kanisa, chini, mkongojo magotini. Mama Kavuo alilipaka udongo tofali la msalaba, akaliingiza, likakataa. Akalitoa, akapunguza udongo, akaliingiza tena na kuligonga kwa mpini wa truweli. Mara ya tatu lilishuka na kutoa mlio mfupi, mlio uleule wa kifuniko kinachokaa kwenye sufuria yake. Aliufahamu mlio huo ingawa hakuwahi kuusikia kwenye tofali.

Bwana Hubert alifika Jumamosi saa nne, mtu safi, mwenye kofia, buti na kalamu mbili mfukoni. Alikuta watu wote wa Mpofi mbele ya kanisa na mbao bado ziko mlangoni. Alisema kwa adabu kwamba tao lililoshikwa na mbao si tao bado. Mama Kavuo alisema ni kweli kabisa, na kwamba walikuwa wakimsubiri yeye tu.

Aliingia chini ya tao, akasimama katikati, truweli mkononi. Akawaambia wanaume wa kwaya wagonge kabari. Walisita; Barthélemy aliomba asimame hapo mtu mwingine. Mama Kavuo akasema mtu mwingine hajui tao hilo. Moyo ulikuwa ukimpiga kwa nguvu na hakuona sababu ya kuuficha; aliweka mkono kifuani, akaashiria kwa kichwa wapige. Kabari ya kwanza ilitoka. Ya pili. Mbao zilishuka upana wa kiganja, na udongo kidogo ukamwangukia begani. Juu ya kichwa chake tofali ishirini na moja zilisogea kwa unywele mmoja, kila moja ikitafuta kuanguka, kila moja ikamkuta jirani yake yupo. Zikatulia. Alisubiri. Kisha akaanza kuvuta mbao mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizitupa nje, na kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi na mitatu alitazama juu na hapakuwa na kitu kati yake na tao.

"Baba," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili.

Laetitia ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyesikia chochote kwa muda.

Bwana Hubert alisubiri kelele zipungue, kisha akafanya kazi yake. Alitoa pima maji, akapima mabega yote mawili ya ukuta. Akagonga. Akatazama kwa jicho moja. Kilichomsumbua ni weusi. Ukuta wote ulikuwa mwekundu na tao peke yake lilikuwa jeusi, isipokuwa zile tofali tano za kwenye majani, na juu katikati palikuwa na msalaba uliopinda. Alipitisha kidole kwenye tofali la chini, kidole kikatoka na masizi. Akafungua daftari. Tofali lililoungua vibaya huwa bovu, alisema, hilo ni jambo la kuandika. Akauliza kanisa hili liliungua mwaka gani.

Watu walitazamana. Kabla Mama Kavuo hajajibu, Adelaïde alikuwa ameshainua mkongojo.

"Haijaunguaka hata siku moja, Papa," alisema mzee kutoka kwenye kiti chake. "Ile ni moshi ya maharagi. Ingia unuse."

Bwana Hubert alidhani anataniwa, akatabasamu. Lakini alikuwa mtu wa kuhakikisha. Alikunja daftari, akapiga hatua mbili mbele, akainua uso na kunusa. Alinusa tena. Akafumba macho kidogo, akabaki hapo na pua juu.

Mama Kavuo alimtazama mtu aliyekuja kuangusha mlango akiwa amesimama chini yake, katikati kabisa, kofia mkononi, na wala hajakumbuka kuogopa. Akaifuta truweli ya baba yake kwenye kitenge, upande huu na upande ule, akaitia mfukoni.